"Ndege Si Imekaa Tu Wilson? Pesa za Nini?"

Kila nikitaja mchango wa ndege za wagonjwa, hakosi mtu wa kuniuliza: "Si ndege imekaa tu pale uwanja wa Wilson, Nairobi? Mgonjwa akipatikana tuambieni, tutachanga." Nimeyasikia hayo kwa machifu, kwa walimu na kwa ndugu za wagonjwa ninaowahudumia kitengo cha dharura, na juzi kwa mhasibu mzima. Mhasibu!

Ndege iliyokaa inakula. Bima yake hailipwi kwa safari. Ukaguzi mwingine hufuata saa za kuruka, mwingine hufuata kalenda, uwe umeruka au hukuruka. Rubani amewekewa na sheria kikomo cha saa za kazi, kwa hiyo kuwa tayari usiku na mchana maana yake ni kuwalipa marubani wa zamu, muuguzi, daktari, fundi na yule anayepokea simu yako saa tisa usiku. Adrenalini, dawa ya dharura, huisha muda ikiwa mkobani, haijaguswa. Anayesubiri ajali ndipo achange, labda atalipia mafuta, na hata hayo kwa kuchelewa: kundi la WhatsApp bado linabishana nani awe mweka hazina, huku presha ya mgonjwa inashuka.

Kisha kuna wale wa "pesa yangu iende kwa mgonjwa, isiende kwa mishahara." Mrija wa kupumulia ataupitisha nani, bawa la ndege?

Ushauri wangu, na wenzangu wamechoka kuusikia: toa kidogo kila mwezi, kwa namba rasmi ya huduma, bila kukosa. Naiona bora kuliko hundi kubwa ya karamu ya Desemba yenye picha, kwa sababu muuguzi huajiriwa kwa fedha inayojulikana itakuja.

"Wazungu wanalipia kila kitu." Amref, shirika la afya lililoanzisha hizi ndege za madaktari, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji watatu Wazungu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na pengine dhana hii ilianzia hapo. Leo AMREF Flying Doctors ni kampuni ya Amref Health Africa, shirika lenye makao Nairobi. Safari za kulipiwa na ada za uanachama huingiza mapato, na ziada hurudi kwenye kazi za shirika. Wasio na uwezo husafirishwa kwa msaada, na msaada huo una mwisho wake.

"Nina kadi ya Maisha, ule uanachama wa ndege za wagonjwa, hospitali wataniona bure." Hapana. Kadi inakufikisha hospitali. Bili ya kitanda ni yako. Lipa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya.

"Daktari wa ndege anapoteza muda chini kabla ya kuruka." Ukipanda juu, hewa iliyonaswa mwilini hupanuka. Mtu ambaye hewa imevuja kifuani mwake akirushwa kabla ya kuwekewa mrija wa kuitoa hewa hiyo, pafu linaweza kubanwa hadi moyo ushindwe. Nusu saa ile mnayomfokea daktari ndiyo inayomfikisha mgonjwa akiwa hai. Mwacheni afanye kazi.

"Ndege hutua popote." Cessna Caravan hutua kwenye changarawe, ndiyo, lakini inataka kiwanja, na kiwanja kisicho na taa ni cha mchana. Hapa hata asiye na shilingi anaweza kuchangia, nami nashangaa ni wachache wanaofanya hivyo. Fyekeni nyasi, zibeni mashimo, vunjeni vichuguu kabla havijakomaa. Mbuzi wafukuzwe mapema, si mngurumo ukishasikika. Mtu mmoja mwenye simu yenye chaji asimame kiwanjani, na namba yake ipewe wanaopokea simu Nairobi. Na mgonjwa aliyezidiwa tangu asubuhi, piga simu asubuhi hiyo hiyo, usingoje saa kumi na moja jioni ndipo uulize mbona ndege haiji.