Notisi: kalamu au kibodi?

Nafundisha saikolojia ya elimu chuo cha ualimu, na swali hili siliepuki: notisi niandike kwa mkono au nichape kwenye laptopu?

Wanaotetea kalamu hutaja utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014. Wanafunzi walitazama mihadhara ya video, baadhi wakiandika kwa mkono, wengine wakichapa. Kwenye maswali ya taarifa za moja kwa moja walilingana. Kwenye ya dhana, wenye kalamu walitangulia. Wachapaji walijaza maneno mengi, tena ya mhadhiri mwenyewe, na hata walipoonywa wasinakili hivyo hawakuacha.

Chukua sentensi hii: “Mbu jike wa Anofelesi huhitaji damu ili mayai yake yakue, ndiyo maana dume haenezi malaria.” Mwenye vidole vyepesi ataichapa yote huku akili ikiwa kwingine. Mwenye kalamu hawezi kwenda na kasi hiyo, basi anaandika: “jike tu, damu kwa ajili ya mayai, dume hang'ati.” Hawezi kuifupisha hivyo kabla hajaielewa.

Hata hivyo, mwaka 2021 Heather Urry na wenzake walirudia jaribio la kwanza la Mueller na Oppenheimer. Wachapaji waliandika mengi vilevile, ila ushindi wa kalamu haukuonekana. Nao utafiti wa Norwei wa 2024, unaosambazwa sana mitandaoni kutetea kalamu, ulipima shughuli za umeme kwenye ubongo. Haukupima kumbukumbu, na wachapaji walitumia kidole kimoja. Nani huchapa notisi hivyo?

(Mtoto anayejifunza herufi ni habari nyingine. Huyo mpe penseli.)

Kwa hiyo mimi naangalia ufupishaji kuliko kifaa. Darasa linalonakili ubao mzima, hadi nukta ya mwisho, linaandika kwa mkono, lakini kazi ya kuchagua na kufupisha keshaifanya mwalimu. Ningeona afadhali aeleze, anyamaze dakika mbili, wanafunzi waandike walichoelewa.

Halafu kuna kujipima, ambako wengi hawafiki. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka walichosoma walibaki na mengi kuliko waliorudia kusoma. Funga daftari au laptopu, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha fungua ujisahihishe. Rudia baada ya siku chache, ukianzia pale ulipokwama.