Ndoo ya Rangi Haigeuki Kuwa Chombo cha Chakula

Msimu wa sikukuu na harusi za mwisho wa mwaka umekaribia, na malalamiko yanayofika ofisini kwetu, sisi maafisa afya, yameanza kubadilika sura. Katikati ya mwaka wananchi hulalamikia zaidi vyoo vya migahawa na maji machafu yanayotiririka mitaani. Kuanzia Novemba wanalalamikia nyama: kuku mwenye harufu ya rangi, mishkaki yenye ladha ya dawa, wageni waliotoka kwenye sherehe wakaharisha hadi asubuhi. Tunapofuatilia, mara nyingi tunakuta machinjio hayana tatizo na mpishi anajua kazi yake. Tatizo liko kwenye chombo ambamo nyama ililala usiku kucha pamoja na chumvi, ndimu na viungo.

Makala haya yanawahusu wapishi wa sherehe, mama lishe na baba lishe, wachoma nyama, na kaya zinazoloweka kuku au mbuzi kwa ajili ya sikukuu. Yanawahusu pia wale ambao siku hizi hununua bata mzinga kwa ajili ya Krismasi na kumlaza mzima mzima kwenye maji ya chumvi kabla ya kumchoma. Ndege huyo ni mkubwa, sufuria za nyumbani hazimtoshi, na hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta ndoo yoyote iliyo karibu.

Kuloweka nyama hakufanani na kuhifadhi maharage makavu. Maji ya chumvi ya kawaida yana takriban gramu 60 za chumvi kwa kila lita, na wengi huongeza ndimu, siki au maziwa mgando. Humo kuna chumvi, kuna uchachu, kuna mafuta ya nyama, na vyote vinagusana na chombo kwa saa 12 hadi 24. Vitu hivyo ndivyo vinavyochokonoa kemikali kutoka kwenye plastiki na madini kutoka kwenye chuma. Maabara zinapopima plastiki itakayobeba vyakula vichachu hazitumii maji matupu. Hutumia tindikali ya siki ya asilimia 3, kipande cha plastiki kikakaa humo hata siku 10 katika nyuzi joto 40, kisha hupimwa ni kiasi gani kimehama kutoka kwenye plastiki. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba. Ndoo ya rangi haijawahi kupitishwa kwenye kipimo hicho kwa sababu hakuna aliyekusudia ibebe chakula.

Hapa ndipo tunapopata ubishi mkubwa zaidi. Mwananchi anasema, "Bwana afya, mbona nimeiosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara tatu?" Kuosha kunaondoa kilicho juu. Plastiki ina tabia ya kunyonya, na kilichoingia ndani yake hakitoki kwa steel waya wala kwa sabuni. Rangi za maji huwekewa dawa za kuzuia ukungu na bakteria ili zisiharibike dukani. Dawa hizo zimekaa kwenye ndoo miezi kadhaa kabla hujainunua. Ukisugua kwa nguvu unaichubua ndoo, na kila mchubuko ni mahali pa kujificha vijidudu. Kwa hiyo aliyeisugua sana amejiongezea tatizo la pili juu ya la kwanza. Madumu ya viuatilifu na ya kemikali za viwandani hayahitaji hata kujadiliwa: yanatakiwa kusuuzwa mara tatu, kutobolewa na kutupwa kwa utaratibu, hayatakiwi kuuzwa sokoni kama vyombo vya maji. Tumelisema hili miaka nenda rudi na bado tunayakuta.

Ubishi wa pili ni wa namba. Wengi wameambiwa kwamba wakiona pembetatu yenye namba 2 au 5 chini ya ndoo basi ni salama. Si kweli. Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kurahisisha kutenganisha plastiki za kurejelezwa. Zinaeleza aina ya plastiki tu: 1 ni ya chupa za maji, 2 ni ile ngumu ya ndoo na madumu, 5 ni ya makopo mengi ya chakula, 7 ni mchanganyiko wa nyinginezo. Ndoo ya rangi na ndoo ya mafuta ya kula zote zinaweza kuwa na namba 2. Tofauti ni malighafi: ya chakula hutengenezwa kwa plastiki mpya, na rangi na vilainishi vilivyoruhusiwa, ilhali nyingine inaweza kuwa imetokana na plastiki iliyorejelezwa ambayo hakuna ajuaye ilikuwa nini. Plastiki nyeusi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa weusi huficha kila kitu. Watafiti wamekuta ndani yake kemikali za kuzuia moto zilizotoka kwenye maganda ya televisheni na kompyuta za zamani.

Kwa hiyo geuza ndoo utazame kitako. Tafuta alama ya glasi na uma, au maandishi yanayosema wazi kwamba ni kwa ajili ya chakula, pamoja na jina la mtengenezaji. Pitisha kucha ndani ya ndoo kutoka juu hadi chini; ikikwama kwenye mikwaruzo, ndoo hiyo ibaki ya kuzolea taka za uwanja. Kisha mimina maji ya moto hadi robo, funika kwa dakika kumi, funua na unuse. Harufu yoyote, hata ya sabuni ya manukato, ni jibu. Kipimo cha harufu hakitoshi kuthibitisha usalama, ila kinatosha kukataa.

Ndoo za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kula zinafaa, na kwa wapishi wengi ndiyo njia nafuu kuliko zote. Sharti ni kwamba uipate kwa mtu unayejua alichoitumia. Ndoo hiyo hiyo ikipita kwa fundi akachanganyia chokaa, au kwa fundi gereji akawekea oili, imeacha kuwa ya chakula siku hiyo, hata kama lebo ya mafuta ya kula bado imebandikwa. Beseni za kufulia zisitumike.

Upande wa vyuma, sufuria za alumini ndizo zinazotusumbua kwa sababu kila nyumba inazo. Kupikia si tatizo kubwa. Kulaza nyama yenye ndimu na chumvi humo usiku kucha ni jambo jingine: chumvi inavunja utando mwembamba unaoilinda alumini, uchachu unaimumunya. Asubuhi utaona mstari wa kijivu pale maji yalipoishia, na vitundu vyeusi vidogo kama vya ncha ya sindano chini ya mstari huo. Nyama iliyogusa ukuta wa sufuria huwa imepauka na kuwa na ladha ya chuma. Ndoo za bati ni mbaya zaidi, kwani zimepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka kwenye vitu vichachu inaleta kichefuchefu na kutapika ndani ya muda mfupi. Vyungu vya udongo visivyopakwa kitu vinanyonya na kubaki na uchafu wa jana. Vile vinavyong'aa kwa rangi vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye mng'ao wake. Enameli inafaa ikiwa haijabanduka hata kidogo.

Chuma kisichoshika kutu, hizo tunazoziita stenlesi, ni chaguo bora pamoja na kioo. Wapo wanaokwenda dukani na sumaku wakiamini kwamba isiponasa basi ni stenlesi nzuri. Zipo stenlesi hafifu ambazo hazinasi sumaku na bado chumvi inazitoboa. Tafuta maandishi 18/8 au 304, na hata hiyo uioshe mara tu nyama inapotoka.

Sasa ukubwa, kwa sababu chombo salama kisichotosha nacho ni hatari. Nyama ikichomoza juu ya maji haiingii chumvi, na chombo kikijaa sana maji mabichi ya nyama yanamwagikia mboga kwenye friji. Pima kabla: weka bata mzinga akiwa bado ndani ya mfuko wake, mimina maji hadi yamfunike, mtoe, pima maji yaliyobaki. Hicho ndicho kiasi utakachotengeneza. Ndege wa kilo 5 hadi 7 kwa kawaida anataka chombo cha karibu lita 20. Pima na friji pia. Nyama ikiwa kwenye maji ya chumvi lazima ikae chini ya nyuzi 5, usiku wote. Chumvi hii ya kuloweka haitoshi kuzuia vijidudu, na nusu ya wagonjwa tunaowasikia kila Desemba wametokana na ndoo iliyoachwa sakafuni jikoni, Dar es Salaam, ambako mwezi huo hata usiku joto halishuki chini ya nyuzi 20. Friji isipotosha tumia deli lenye barafu ya kutosha, lakini nyama iwe ndani ya chombo chake cha chakula, barafu ikizunguka nje, na uongeze barafu kabla haijaisha. Au mkate ndege vipande. Hakuna sheria inayolazimisha alale mzima.

Wengine huweka nyama kwenye mfuko mweusi wa taka. Mifuko hiyo imeruhusiwa kwa ajili ya taka, si chakula. Na kwa kuwa tumefika kwenye mifuko, tukumbushane: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Atakayekutwa nayo au akiitumia atatozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Anayeiuza faini ni kati ya shilingi 100,000 na 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.

Kwa wafanyabiashara, utaratibu wetu wa ukaguzi ni huu. Afisa afya atajitambulisha kwa kitambulisho, na una haki ya kukiona. Ataangalia vyombo, atahoji vilikuwa vya nini, na akiona kasoro ndogo atakuandikia notisi yenye muda wa kurekebisha. Notisi isainiwe na pande zote mbili na ubaki na nakala. Akikuta chakula ndani ya chombo kisichofaa anaweza kukizuia kisiuzwe, kuchukua sampuli, na ikithibitika hakifai, kusimamia uteketezaji wake kwa maandishi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatoa mamlaka hayo. Kumficha afisa ndoo au kuihamishia kwa jirani wakati ukaguzi unaendelea kunaligeuza suala la notisi kuwa suala la mahakama. Usajili wa majengo ya chakula na viwango vya vifungashio uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu Julai 2019, majukumu ya chakula yalipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Wapo ambao bado wanatutupia vyeti vya TFDA mezani. Tafadhali fuatilieni usajili wenu.

Maji yaliyolowekewa nyama yamwagwe, yasitumike mara ya pili wala kugeuzwa mchuzi. Ukipata mashaka na nyama uliyouziwa au uliyokula kwenye shughuli, nenda kwa afisa afya wa kata yako mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Beba mabaki ya chakula yakiwa ya baridi. Na kama unaweza kukipata chombo kilicholowekewa, kilete jinsi kilivyo, bila kukiosha.