WAAS kwenye GPS ya mkononi: yasemwayo gatini na ukweli wake

Kijana mmoja wa Mkokotoni alinionesha GPS yake mpya, kidole kipo kwenye menyu iliyoandikwa WAAS/EGNOS. "Hii nikiiwasha, kosa la mahali nilipo halizidi mita tatu," akaniambia, naye anapita kila siku karibu na miamba ya Tumbatu. Nimeamua kuyaandika haya kwa ajili yake na wenzake.

"Ukiwasha WAAS, unapata mita tatu popote ulipo."

Mita tatu ni za kweli, ila si zetu. WAAS ni mfumo wa Marekani wa kuisahihisha GPS, ulioanza kazi rasmi mwaka 2003. Vituo vya ardhini, ambavyo mahali pake panajulikana barabara, hupokea ishara za GPS na kupima zimekosea kiasi gani. Masahihisho hayo hupandishwa kwenye setilaiti zilizo juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, nazo huyarusha hadi kwenye kifaa chako. Ulaya wana EGNOS, India wana GAGAN, Japani wana MSAS. Sehemu kubwa ya kosa linalorekebishwa hutokana na ionosfea, tabaka la juu angani linalochelewesha ishara, na ucheleweshaji huo hubadilika kwa mahali na kwa saa. Kituo kilichoko Ulaya kinapima anga ya Ulaya. Anga ya Unguja na Pemba hakiijui.

Tena sisi tuko kwenye ukanda wa karibu na ikweta, ambako ionosfea husumbua zaidi kuliko kwingi duniani, khasa baada ya jua kuzama. Wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa usiku walijue hilo.

"Mbona setilaiti zake naziona kwenye kioo?"

Utaziona. Setilaiti za GPS zenyewe huonekana kwa namba 1 hadi 32, na kwenye vifaa vingi namba za juu ya hapo, kama 40, huwa ni za masahihisho. Za Ulaya na India ishara yake inafika mpaka huku. Ni kama kuikamata redio ya Mumbai ikitangaza mvua: sauti unaisikia vizuri, lakini mvua yenyewe si ya Makunduchi. Mimi yangu nimeizima, kwa sababu kuzitafuta kunakula betri.

"Basi bila WAAS, GPS haifai."

Hii ni habari ya zamani. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiipotosha kwa makusudi ishara ya raia, na kosa lilifika kiasi cha mita 100. Tangu ilipoacha, kifaa cha mkononi penye anga wazi hukupa kama mita tano. Ukienda kununua kingine, uliza kama kinapokea pia Galileo, GLONASS na BeiDou, ambayo ni mifumo mingine ya setilaiti kama GPS, na kama kinatumia masafa mawili ya redio, maana hicho huweza kuukadiria chenyewe ucheleweshaji wa ionosfea. Kwa hapa kwetu hilo lina faida kuliko WAAS.

"Lazima uwe na bando."

Hapana. Setilaiti haziulizi bando.

"Nikipotea, kosa ni la setilaiti."

Hapa ndipo vyombo vinapopanda mwamba. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS hutumia WGS84. Nukta ileile ya namba, ukiisoma kwa msingi usio wake, inahama zaidi ya mita 200. WAAS haiwezi kuliondoa kosa hilo. Tazama pembeni mwa ramani umeandikwa msingi gani, kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa uvilinganishe.

La pili ni uandishi wa namba. Jirani yangu alipigiwa simu akapewa nukta ya dema, yaani namba za mahali mtego wa samaki ulipo: "nyuzi tano, dakika arubaini na tano, nukta hamsini." Yeye akaingiza sekunde 50. Nukta hamsini ya dakika ni sekunde 30, na dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Alifika mita 600 na ushei kusini ya dema, akazunguka mpaka maji yakaanza kupwa, akarudi mikono mitupu. Sasa kila anapopewa nukta huuliza kwanza: ni sekunde, au ni desimali?

"Kifaa kinaandika mita 3, basi ni 3."

Hayo ni makadirio ya kifaa chenyewe. Ukitaka kukijua chako, simama kwenye ncha ya gati, hifadhi nukta. Rudi palepale kwa siku kadhaa, asubuhi na baada ya magharibi, usome kinakwambia uko umbali gani kutoka kwenye nukta ile. Chukua namba kubwa kuliko zote, na ukipita karibu na mwamba acha nafasi kubwa kuliko hiyo, huku baharia ametia bildi, kamba ya kupimia kina.