Panga la helikopta hupinda kweli, ila si kama simu yako inavyoonyesha

Rekodi feni ya dari kwa simu, uitazame video. Mapanga yamejikunja kama mundu. Za helikopta ndizo zinazosambazwa zaidi, na chini yake hakosekani wa kuandika: "Oneni chuma kinavyopinda!"

Dhana: umbo la kwenye video ndilo umbo la panga.
Hapana, hilo ni kosa la simu. Kamera nyingi za simu hazinasi picha yote kwa mpigo. Husoma mstari baada ya mstari, na zikifika mstari wa mwisho panga limeshahama. La helikopta linapinda kweli, lakini si hivyo.

Dhana: panga linaloning'inia helikopta ikiwa imezimwa ni bovu.
Ni refu, jembamba, nalo huinama kwa uzito wake. Rota, yaani mapanga pamoja na kitovu kinachoyazungusha, ikishika kasi, mzunguko hulivuta kwa nje likanyooka, na hewa hulinyanyua. Helikopta ikienda mbele, panga hupinda na kujisokota kwa namna tofauti katika kila pembe ya mzunguko.

Dhana: kwa kasi ile, hakuna picha ya kupimia.
Mwaka 2010, katika kituo cha NASA Ames, California, rota ya UH-60A, yaani helikopta ya kijeshi ya Black Hawk, ilifungwa ndani ya handaki la upepo, yaani ukumbi wa majaribio unaopulizwa hewa kwa kasi, la futi 40 kwa 80. Kipenyo cha rota ni mita 16 na ushei. Upande wa chini wa kila panga zilibandikwa alama 48 za mviringo zinazorudisha mwanga, mfano wa vile vibandiko vinavyong'aa nyuma ya malori usiku, na kamera 8 zikawa zinatazama juu. Rota hiyo huzunguka takriban mara 258 kwa dakika, kwa hiyo ncha hukimbia kama mita 220 kwa sekunde. Piga hesabu: flashi ikiwaka kwa mikrosekunde 10 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), ncha imesogea milimita 2 tu. Flashi hufuata ishara ya rota yenyewe, hivyo panga hunaswa kwenye pembe ileile, mzunguko hadi mzunguko.

Dhana: kamera moja ya pikseli nyingi inatosha.
Picha moja haijui umbali. Zinahitajika kamera angalau mbili zinazoitazama alama ileile kutoka pande tofauti. Mistari inayotoka kila kamera kwenda kwenye alama ikikutana, nafasi ya alama imepatikana. Handaki nalo hutikisika, na kamera pamoja nalo, kwa hiyo huwekwa pia alama kwenye sehemu isiyozunguka ili mtikisiko huo uondolewe kwenye hesabu.

Dhana: vihisi, yaani vipimo vidogo vya kugundisha kwenye panga, sasa havina kazi.
Vina kazi. Kihisi husema panga linanyumbuka kiasi gani pale kilipobandikwa. Picha husema panga zima limekaa wapi.

Dhana: alama ikipanda, panga limepinda kiasi hicho.
Hapa ndipo wengi huteleza. Panga hupanda, hurudi nyuma na kugeuka kuanzia shinani bila kupinda hata kidogo. Miondoko hiyo hutolewa kwanza. Kinachobaki ndicho kupinda.