Andamaunti siyo "sinki lililozama"

Wiki hii neno andamaunti (undermount la Kiingereza) nimelisikia likitumika vibaya mara tatu. Wa kwanza mteja, wa pili muuza duka, wa tatu ndo ameniuma, fundi mwenzangu wa makabati ambaye kazi hii tumeianza pamoja. Wote wanashika sinki lolote la stili lisilo na ile sehemu ya pembeni ya kuanikia vyombo wanasema hili andamaunti. Na huyu mwenzangu kaenda mbele zaidi, kapima kabati la mteja, la sentimita 60, kisha kamwambia mama wa watu akanunue andamaunti la 60. Nikasema hapana, hili leo niliandike.

Maana yake ni fupi. Andamaunti ni sinki ambalo mdomo wake, yani lile pindo la juu linalozunguka, umefungwa upande wa chini wa kaunta. Jiwe juu, sinki chini. Ukiburuza kiganja kwenye kaunta unakuta ukingo wa jiwe halafu mkono unashuka ndani ya bakuli, hamna stili ya kukukwaza njiani, ndo maana unga uliomwagika unausukuma tu kwa kitambaa unaingia wote. Basi, maana imeisha hapo.

Tuje kwenye jina sasa, sababu makosa yote yanaanzia huko. Anda kwa Kiingereza ni chini ya. Maunti hapa ni kufunga kitu mahali pake, kama unavyofunga tivii ukutani, na neno lenyewe limetoka kwenye Kifaransa cha zamani likiwa na maana ya kupanda, nako lilitoka Kilatini kwenye neno la mlima, yani kupanda mlima kukawa kupanda farasi kukawa kuweka kitu juu ya kingine mpaka mwisho kukawa kukifunga tu popote pale. Kwa hiyo jina lote linakwambia jambo moja, limefungwa wapi. Halisemi kona ziwe kali au za mviringo, halisemi bakuli moja au mawili, halisemi stili au jiwe, na halisemi kabisa habari ya kuzama.

Hili la kuzama limetoka wapi? Mtaani tumelitafsiri "sinki la kuzama", na ukiangalia vizuri hiyo siyo tafsiri, sababu sink yenyewe kwa Kiingereza ndo kuzama, kwa hiyo ukisema sinki la kuzama umesema kuzama mara mbili na hujatofautisha kitu, masinki yote yanazama, lipi linaelea? Halafu kuna kitu kizuri zaidi hapa ambacho nakipenda sana. Zamani huko, karne ya 15, Waingereza wakisema sink walimaanisha shimo la kupokea maji machafu, baadaye ndo neno likaingia jikoni likawa chombo cha kuoshea. Sasa angalia Kiswahili. Karo la kuoshea vyombo na karo la maji machafu kule nje ya nyumba ni neno lile lile moja (Wakenya wakisikia karo wanawaza ada ya shule, hiyo habari nyingine). Watu wawili hawajaambiana wakafika pale pale, kwamba hiki chombo kazi yake ni kumeza maji. Bibi yangu hakuwahi kusema sinki, alikuwa anasema peleka vyombo karoni, na kila mtu nyumbani alijua ni wapi. Kwa hiyo maneno tunayo. Ukitaka kutofautisha kwa Kiswahili sema sinki la kufungwa chini na sinki la kudumbukiza, mtu ataelewa bila kuonyeshwa picha.

La kudumbukiza ndo lile wengi wetu tunalo. Kaunta inatobolewa, sinki linashushwa kutoka juu, mdomo wake unakaa juu ya kaunta na ndo unaolibeba. Lipo la tatu pia, jiwe linachimbwa kidogo kuzunguka tundu ili mdomo ukae usawa mmoja na jiwe, na hili ndo linadanganya watu maana kwenye picha ya simu linafanana kabisa na la kufungwa chini. Dawa yake ni ukucha. Pitisha ukucha kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye bakuli, ukikuta stili kabla hujaanza kushuka basi hilo siyo andamaunti. Dukani ambako bado halijafungwa angalia pindo lake, la kudumbukiza kwa kawaida limekunjwa kingo kwenda chini kama mfuniko wa sufuria, la kufungwa chini liko bapa kama sahani. Kuna machache yanakubali kote kuwili lakini hayo huwa yameandikwa kwenye boksi.

Utasema sasa ugomvi wa nini, si sinki tu. Ugomvi ni kabati. Sinki la kudumbukiza mdomo wake uko juu ya kaunta, haugombani na mbao za kabati, kinachoingia ndani ni bakuli peke yake. La kufungwa chini linaishi lote ndani ya kabati, bakuli, mdomo, na vibano vyake vyote. Kabati la 60 ni 60 kwa nje! Toa ubao wa milimita 18 kushoto, toa 18 kulia, umebaki na milimita 564. Sinki la 600 utalipitisha wapi? Hata la 560 ambalo kwa hesabu linaingia, linakuachia milimita 2 kila upande, mkono wa kufungia kibano unapita wapi, na siku silikoni yake, ile gundi ya kuzuia maji, ikianza kuvuja utalishushaje. Maana hili halitolewi kwa juu kama lile lingine, linarudi lilikopita, kwa chini ndani ya kabati. Mimi kabati la 60 naweka sinki lisilozidi 50 kwa nje, la 80 naweka mpaka 70, la 90 mpaka 80. Wamarekani nao wana kanuni yao inayofanana na hii, kabati lizidi sinki kwa inchi 3 angalau, sinki la inchi 30 kabati la inchi 33.

Na nikisema kwa nje namaanisha ukingo wa pindo mpaka ukingo wa pindo. Sinki moja lina vipimo vitatu, nje kwa nje, bakuli kwa ndani, na tundu la kukata kwenye jiwe. Muuzaji akikwambia "la 50" muulize 50 ipi, maana bakuli la 50 linaweza kuwa 55 kwa nje. Nenda na futi yako, pima mwenyewe, usione aibu. Mbele kwenda nyuma nako pima, bomba la sinki hili halikai kwenye stili, linatobolewa kwenye jiwe lenyewe, acha kama sentimita 6 au 7 nyuma ya bakuli, la sivyo mkono wa bomba utagonga ukuta.

Uzito ndo watu hawaufikirii. Bakuli la 70 kwa 40 lenye kina cha 22 likijaa ni lita 61 na ushee, hizo ni kilo 61 za maji, bado masufuria, na zote zinaning'inia. Kuna nyumba niliitwa, waliofunga walipaka silikoni wakaondoka, hamna kibano hata kimoja wala fito ya kulishikia. Kona ya mbele ilikuwa imeshuka unene wa kidole, maji yanapita pale taratibu kila siku, nilipofungua mlango wa kabati ubao wa chini umeumuka kama andazi, nikiugusa unabaki mkononi. Lile kabati lilikuwa na miezi minne.

Kwa sababu hiyo hiyo ya maji, kaunta ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) iliyobandikwa fomaika usiifungie sinki kwa chini, ule ukingo uliokatwa unabaki wazi na unakunywa maji mpaka uvimbe. Graniti na kwatsi sawa, ila mkata jiwe aambiwe mapema, maana ukingo wa tundu utaonekana na lazima ung'arishwe. Kaunta ya zege lenye vigae inawezekana, lakini nimeona viungio vingi vya vigae vikiwa vyeusi pale ukingoni, mimi hapo nashauri la kudumbukiza bila kusita.

Sasa mwenzangu, najua utasoma hapa. Lile sinki alilonunua yule mama ni zuri, nimelishika, stili yake nzito, lakini pindo limekunjwa kingo, ni la kudumbukiza. Mwambie mkata jiwe afuate kipimo cha tundu kilichoandikwa kwenye boksi na ulifunge kwa juu, litakaa miaka. Na kama mama anataka la chini kweli, jiwe bado halijakatwa, warudi dukani wabadilishe wachukue la 50 nje kwa nje. Ukienda nipitie, futi ninayo.