Kufunga na kupanga Catalyst 2960-X kwenye ofisi ya simu kumi na kamera nane

Swichi inayosimamika (inayokubali kupangwa kwa amri) ukiiwasha na kuiacha kama ilivyotoka kiwandani, itafanya kazi. Kompyuta zinapata intaneti, simu zinaita, kamera zinaonyesha picha, na mteja anaona kazi imekwisha. Kumbe poti zote ziko VLAN 1 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi), na yeyote atakayechomeka waya ukutani anaifikia mashine ya kurekodi kamera. Ukiiacha hivyo, umeuza swichi ya kawaida kwa bei ya ghali.

Mfano wangu ni WS-C2960X-24PS-L ya Cisco: poti 24 za PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao), nafasi 4 za SFP (vichomeko vya fiba), na bajeti ya umeme wa PoE ya wati 370. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayopatikana sana ikiwa imeshatumika, na swichi iliyotumika ina mitego yake.

Anza na hesabu ya umeme kabla hujafungua boksi. Simu 10 za daraja la 2 (daraja ni kiwango cha umeme ambacho kifaa kinajitangazia) ni wati 7 kila moja, jumla 70. Kamera 8 za daraja la 3 ni wati 15.4 kila moja, jumla 123.2. Vituo 4 vya Wi-Fi vya daraja la 4 ni wati 30 kila kimoja, jumla 120. Hapo umefika 313.2. Ongeza kituo cha tano, 343.2. Sasa mteja akibadilisha kamera mbili za kawaida akaweka zile za kuzunguka za daraja la 4, unafika 372.4 na kifaa kimoja kitanyimwa umeme. Jambo linalowachanganya mafundi wengi ni kwamba swichi hutenga wati kwa kufuata daraja ambalo kifaa kimejitangazia, hata kama kinakula nusu yake. Kamera haiwaki, waya ni mzima, poti ni nzima. Andika `show power inline`. Ukiona `power-deny`, acha kukrimpi waya upya.

Waya nao uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi na mwepesi, lakini ukinzani wake ni mkubwa, na kamera iliyo mbali itajizima usiku taa zake za infraredi zinapowaka. Urefu usizidi mita 100, yaani mita 90 za waya wa ukutani na 10 za pachi kodi za pande zote mbili.

Kwenye raki, funga kwa nati za M6, usizibe matundu ya pembeni, na unganisha waya wa ethi kwenye tundu lake la skrubu, si kutegemea plagi peke yake. Kamera za nje huleta radi ndani kupitia waya wa mtandao, na swichi isiyo na ethi nzuri ndiyo huungua kwanza.

Sasa konsoli, poti ya kuandikia swichi amri moja kwa moja. Kebo ya konsoli, kasi 9600, biti 8, bila pariti, stopu biti 1, na `flow control` iwe `none`. PuTTY ikiachwa kwenye XON/XOFF kwa kawaida bado utaona maandishi, ila ikiachwa kwenye RTS/CTS unaweza kusoma skrini vizuri huku kibodi haifanyi kitu.

Swichi iliyotumika isafishwe kabisa. `write erase` haitoshi, maana VLAN za mwenye nayo wa kwanza zinakaa kwenye faili jingine:

```
write erase
delete flash:vlan.dat
reload
```

Ikiwa huna nenosiri, chomoa umeme, shikilia kitufe cha Mode, chomeka, na uendelee kushikilia mpaka upate `switch:`. Andika `flash_init`, futa `flash:config.text` na `flash:vlan.dat`, kisha `boot`. Usidharau hilo faili la VLAN. Swichi yenye namba kubwa ya marekebisho ya VTP (itifaki ya Cisco ya kusambaza orodha ya VLAN) na jina la domeni linalofanana ikiunganishwa kwenye mtandao ulio hai, inaweza kufuta VLAN za swichi zote. Ndiyo maana amri yangu ya kwanza baada ya kusafisha ni `vtp mode transparent`.

Baada ya hapo, utambulisho na SSH (njia salama ya kuingia kwenye swichi ukiwa mbali):

```
hostname SW-GHOROFA1
ip domain-name ofisi.local
enable secret <nenosiri>
username fundi privilege 15 secret <nenosiri>
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
clock timezone EAT 3
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh
```

Ufunguo wa RSA, ambao SSH inautegemea, hautatengenezwa kabla jina la swichi na domeni havijawekwa. Mpangilio wa VLAN wa ofisi hii ni 10 kompyuta, 20 simu, 30 kamera, 99 usimamizi. Ziunde kwanza, kisha uipe VLAN 99 anwani:

```
interface vlan 99
 ip address 10.20.99.2 255.255.255.0
 no shutdown
ip default-gateway 10.20.99.1
```

Ikionyesha `up/down`, ama VLAN 99 haijaundwa ama hakuna poti iliyo hai inayoibeba.

Kompyuta zinapita nyuma ya simu, kwa hiyo poti 10 zinatosha watu 10:

```
interface range GigabitEthernet1/0/1 - 10
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 switchport voice vlan 20
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
```

Mistari miwili ya mwisho watu wanairuka, nami ndiyo ninayoithamini kuliko yote. Bila `portfast`, poti inaweza kusubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Kompyuta inaomba anwani ya DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), haijibiwi, inajipa ya 169.254, na mtumiaji anapiga simu kwamba "mtandao umekufa". `bpduguard` nayo inafunga poti ikisikia ujumbe wa STP (itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi) kutoka upande wa mtumiaji. Mtu akichukua kiswichi cha poti tano, akakiweka chini ya meza na kuchomeka waya mmoja ncha zote mbili humo humo, ujumbe wa swichi yako unarudi kwa poti ile ile na poti inajifunga kabla ofisi haijaanguka. Utaiona kwa `show interfaces status err-disabled`. Ondoa chanzo kwanza, ndipo `shutdown` na `no shutdown`.

Kamera zinakaa poti 11 hadi 18, VLAN 30, na mistari hiyo hiyo ya STP. Vituo vya Wi-Fi vinahitaji tranki kwa sababu vinabeba VLAN zaidi ya moja, na 99 huwa bila tagi (alama ya VLAN kwenye data) ili vipate anwani ya usimamizi.

Tranki ya kwenda kwa ruta ni poti 24:

```
interface GigabitEthernet1/0/24
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30,99
```

VLAN isiyo na tagi lazima ilingane pande zote mbili. Cisco kwa Cisco utapata onyo la CDP (itifaki ya Cisco ya kutambua vifaa jirani) kwenye logi. Ukiwa na ruta ya MikroTik upande wa pili hakuna wa kukuambia. Data inaishia VLAN isiyo yake.

Baadaye mteja atataka Wi-Fi ya wageni, VLAN 40. Fundi aliye mbali anaingia kwa SSH na kuandika `switchport trunk allowed vlan 40`. Amri hiyo haiongezi, inabadilisha orodha yote, na SSH yake mwenyewe inakatika pale pale. Sahihi ni `switchport trunk allowed vlan add 40`. Kwa mabadiliko yoyote ya mbali, hifadhi kwanza, kisha andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika kumi na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, `reload cancel`. Ila usihifadhi katikati.

Kuna pia yule anayeleta ruta ya nyumbani na kuichomeka ukutani, ikaanza kugawa anwani zake. Dawa yake:

```
ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 10,20,30
no ip dhcp snooping information option
interface GigabitEthernet1/0/24
 ip dhcp snooping trust
```

Ukisahau `trust`, hakuna atakayepata anwani. Mstari wa tatu unazuia swichi kubandika taarifa ya ziada kwenye maombi. Baadhi ya seva za DHCP huyatupa yakiwa nayo.

Ukiwa na swichi zaidi ya moja, amua mwenyewe ipi iwe mzizi wa STP, yaani swichi inayoongoza. Zote zina kipaumbele 32768, na zikifungana hushinda yenye MAC (anwani ya kudumu ya kifaa) ndogo, ambayo mara nyingi ndiyo kuukuu kuliko zote. Kwenye swichi kuu andika `spanning-tree vlan 10,20,30,99 priority 4096`.

Mwisho `copy running-config startup-config`, nakili `show running-config` kwenye faili nje ya swichi, kisha zima umeme wa raki yote na uwashe. Ikirudi, angalia `show vlan brief`, `show interfaces trunk` na `show power inline`, na chomeka kompyuta mpakato kwenye poti moja ya kila VLAN uone anwani inayopewa.