Signali ya analogi ya spidi kwenye VFD, maana yake nini

Zile nyaya nyembamba zinazoingia kwenye VFD (kifaa kinachobadili spidi ya mota kwa kubadili frikwensi ya umeme wake) wengi wanadhani ndo zinaendesha mota, hapana, umeme wa mota unapita kwenye zile nene, hizi nyembamba zinabeba ombi tu, ndo hiyo signali, yaani nataka spidi kiasi hiki. VFD inasoma ombi, inaligeuza kuwa frikwensi, mota inafuata.

Kuna njia mbili za kuomba. Ya kwanza ni volti, 0 mpaka 10. Ukiseti 0 V iwe 0 Hz na 10 V iwe 50 Hz, basi 5 V ni 25 Hz, na mota ya poli 4 iliyokuwa inakaribia mizunguko 1500 kwa dakika inashuka kwenye 750 hivi. Hapo potenshiometa (kile kitufe cha kuzungusha chenye miguu mitatu) inatosha kabisa, miguu ya pembeni unafunga kwenye 10 V na 0 V za VFD yenyewe, wa katikati unaenda kwenye tamino (sehemu ya kufungia waya) ya analogi.

Njia ya pili ni mkondo, 4 mpaka 20 mA, na mi waya ukiwa mrefu naipenda hii zaidi. Kwa nini ianzie 4 na sio 0? Kwa sababu waya ukikatika mkondo unakuwa 0, na VFD ukiwa umeiseti iangalie hilo inajua hii ni hitilafu, wakati kwenye 0 mpaka 10 V waya uliokatika na mtu aliyeomba mota isimame vinafanana.

Sasa panaposumbua sana ni 0 V. Volti inapimwa kati ya pointi mbili, kwa hiyo signali ikitoka kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mitambo) lazima 0 V ya pato lake la analogi ifungwe na 0 V ya signali ya VFD, ukileta waya mmoja tu spidi inayumba hovyo au haiji kabisa. Pima hapohapo kwenye tamino, mita kwenye DC, nyeusi kwenye 0 V, nyekundu kwenye analogi. Ukiona 5 V na skrini inasema 0 Hz, na amri ya kuwaka umeshatoa, usihangaike na nyaya, kaangalie seting, mara nyingi VFD bado inasubiri spidi kutoka kwenye vitufe vyake.

Na namba zikichezacheza, mara nyingi hiyo ni kelele ya umeme inayotoka kwenye kebo ya mota. Tumia kebo iliyosokotwa yenye wavu wa kukinga, iweke mbali na ya mota, zikilazimika kupishana zipishane kwa pembe mraba. Kuna filta pia kwenye seting, ila ukiiongeza sana mota inachelewa kuitikia.